Sungura amenenepa hataki kutembea, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Arua, Uganda: "Dokta, nina sungura dume mweupe, wa aina ya New Zealand, watoto wanamwita Bosi, ana miaka 3. Juzi tulimpima sokoni kwa mizani ya muuza samaki tukapata kilo 6 na nusu. Anakaa kwa kibanda cha mbao, peleti (chakula cha punje cha dukani) haziishi kwa bakuli lake, na watoto wanampa mkate, posho (ugali) iliyobaki na bogoya (ndizi mbivu). Mchana tunamtoa sebuleni lakini anapiga hatua tatu nne halafu analala. Kijana wangu anamkimbiza makusudi ili apungue. Nimfanyie mazoezi gani, na je naweza kumfunga kamba nimtembeze kama mbwa?"

Dada, kwanza kabisa mwambie kijana aache kumkimbiza, leo hii. Najua ana nia nzuri, lakini sungura tangu porini ni mnyama wa kuwindwa, ukimfuata mbio yeye hajui kwamba unamfanyisha mazoezi, anajua amekwisha. Moyo unapiga ovyo, hofu inaweza kufanya hata tumbo lisimame, yaani liache kusukuma chakula, na sungura tumbo likisimama si mchezo, nitarudi hapo. Halafu kuna mifupa. Mifupa yote ya sungura ukiijumlisha ni kama asilimia 7 au 8 tu ya uzito wake, ya paka inafika 12 au 13, lakini miguu yake ya nyuma ina nguvu sana, kwa hiyo akishtuka akapiga teke vibaya huku anateleza kwa simenti anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe bila mtu kumgusa. Na huyu wako amekaa kwa kibanda miaka yote hiyo, mfupa usiofanya kazi unakuwa dhaifu zaidi.

Kitu ninachotaka ushike ni hiki: sungura huwezi kumlazimisha afanye mazoezi, ila unaweza kupanga pale anapoishi mpaka asiweze kula bila kutembea. Hiyo ndiyo kazi yako na watoto kwa miezi kadhaa inayokuja, kila siku kidogo kidogo, siyo nusu saa ya kumsukumasukuma jioni halafu anarudi kulala mbele ya bakuli lililojaa.

Lakini kabla ya hapo lazima ujue kama hatembei kwa uvivu au anaumwa, maana mara nyingi hawa wanene tunawaita wavivu kumbe kila hatua inauma. Mkalishe kwa mapaja yako ukiwa umekaa chini kabisa, mmoja ashike mabega na makalio yake vizuri, wewe angalia nyayo za nyuma. Sungura hana nyama ngumu chini ya mguu kama mbwa, ana manyoya tu, na sungura mzito anayekaa juu ya waya au mbao yenye mkojo manyoya yanaisha, ngozi inakuwa nyekundu, baadaye inafunguka kidonda kwa kisigino. Ukiona kidonda au damu, mazoezi yanasubiri, mlaze pakavu penye nyasi nyingi na umwite daktari wa mifugo. Angalia kucha, zikiwa ndefu zimejikunja hawezi kukanyaga sawa. Angalia ndani ya masikio kama kuna magamba ya kahawia yaliyojazana, huo ni ukurutu wa masikio, unawasha vibaya sana na uko kila mahali huku kwetu, unatibika.

Halafu chini ya mkia, hapa naomba msione aibu. Sungura ana kinyesi cha aina mbili, kile kigumu cha mviringo unachofagia kila siku na kingine laini kinachong'aa kama kishada cha zabibu ndogo, hicho anakila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, ndimo anapata protini na vitamini zake. Sasa sungura mwenye tumbo kubwa hafiki huko nyuma, kinyesi laini kinaganda kwa manyoya, nzi wanakuja wanataga, na kwa joto la Arua mayai yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja, wanaanza kumla akiwa hai. Nimeona sungura wamekufa hivyo, wenyewe walidhani ni harufu ya kibanda tu. Kwa hiyo mpaka apungue, unamkagua nyuma asubuhi na jioni, ukikuta pamechafuka unasafisha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu unamkausha kabisa. Ukikuta funza, ni daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na swali moja utacheka: una uhakika ni dume? Wengi wanauziwa dume sokoni halafu linazaa. Kama kuna sungura mwingine hapo jirani na "unene" wake umekuja haraka, mimba ya sungura ni kama siku 31 tu, kwa hiyo mtu anayejua amwangalie kwanza.

Haya, tuseme Bosi ni mzima, ni kitambi tu. New Zealand dume mzima kawaida anakaa kati ya kilo 4 na 5, kwa hiyo kilo 6 na nusu ni mbali sana. Usitegemee mizani peke yake, pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, mbavu unatakiwa kuzisikia kirahisi chini ya ngozi, uti wa mgongo pia uusikie lakini usichome. Kama unabonyeza na bado unasikia laini tu kama mto, huo ni mafuta.

Sasa makao. Kibanda cha mbao ulichonacho, kama ni vile vya kawaida vinavyouzwa huku, kilitengenezwa kwa mtu wa biashara ya nyama au ya mkojo wa sungura wa kupulizia mboga, yaani nafasi ndogo makusudi ili mnyama asitembee anenepe. Huko Uingereza watu wa ustawi wa sungura wanasema makao ya sungura wawili yasipungue mita 3 kwa mita 2 na urefu wa mita 1 kwenda juu, na wayatumie muda wote siyo saa moja kwa siku. Najua si kila nyumba ina nafasi hiyo, lakini kona ya ua ukiizungushia wavu wa kuku wa mita moja kwenda juu, ukauzika ardhini kama sentimita 30 asichimbe akatoka (akipungua ataanza kuchimba, utaona), mlango wa kibanda unaubakiza wazi ndani ya huo uzio na yeye mwenyewe anaamua lini atoke. Usiku mfungie ndani ya kibanda, maana mbwa wa mtaani, nguchiro na siafu hawangoji. Siafu hasa, paka majivu au oili chafu kwa miguu ya kibanda. Na juu ya uzio weka kivuli na wavu, mwewe wapo.

Kwa sebule yenu nadhani tatizo ni sakafu. Ulisema anapiga hatua tatu nne analala, hiyo ni dalili ya kawaida kabisa ya sungura aliyewekwa kwa tailizi au simenti ya kung'aa, anateleza anaogopa anajibana. Tandika mkeka wa mafunjo au magunia ya katani, siyo ya nailoni maana atakula nyuzi, utandike njia ndefu kutoka mlangoni mpaka pembeni kabisa. Mkeka akiutafuna usigombane naye, mafunjo hayamdhuru. Nyaya za umeme ndizo za kuinua juu, sungura anakata waya wa chaja mara moja tu hajui hata alifanya nini.

Basi tuingie kwa mazoezi yenyewe. Ondoa bakuli. Nasema kweli, bakuli la peleti liondoke kabisa. Peleti za siku nzima unazitia kwa kikombe, na kila asubuhi na jioni mtoto mmoja anazitawanya kwa uzio, mbili hapa, tatu kule, chini ya nyasi, juu ya jiwe, nyuma ya kibanda. Siku ya kwanza weka karibu karibu ili aelewe mchezo, wiki inayofuata sambaza mbali. Pua ya sungura ni kali, atazipata zote, na kila moja amelipia kwa hatua. Maji weka upande mmoja, nyasi kavu upande wa pili, mahali pa kujisaidia kona ya tatu, kwa hiyo hata kunywa tu ni safari.

Sukuma wiki na majani mengine usimwekee chini, yafunge fungu kwa kamba ya katani uyaning'inize kwa wavu, mara ya kwanza yaguse pua yake akiwa amekaa, siku chache mbele pandisha kidogo, tena kidogo, mpaka asimame kwa miguu ya nyuma kufikia. Kusimama na kushuka vile mara nyingi kwa siku kunamjenga mgongo na mapaja kuliko mbio zozote. Kwa sungura mnene sana hili ndilo zoezi ninalolipenda kwanza, halimrushi, halimtelezeshi, na yeye anaona anakula tu.

Maboksi ya dukani, ya sabuni au biskuti, yanafaa sana. Toa gundi ya plastiki na pini zote, toboa pande mbili, unganisha mawili matatu liwe pango refu, ndani tia nyasi na peleti chache. Akilitafuna likaisha leta lingine, ni bure. Ile karatasi ngumu inayobaki ndani ya tishu ya chooni unajaza nyasi unakunja ncha, anaipiga huku na huku kwa pua. Beseni kuukuu lenye udongo safi, umefukia majani ya karoti humo, atachimba. Baadaye akishachangamka unaanza kupanda: tofali moja njiani kati yake na chakula, baada ya wiki mbili tatu mawili yamebebana, mwishowe kreti ya soda imepinduliwa na gunia juu. Nasema baadaye kwa sababu kumwacha aruke kutoka juu ya kiti na kilo zile 6 na nusu ni kumvunja miguu.

Watoto kazi yao siyo kukimbiza, ni kuita. Wakae chini, mmoja huku mmoja kule, mita moja unusu katikati, mmoja atikise kopo lenye peleti chache amwite jina, akifika apewe peleti moja au kipande cha bogoya kidogo kama ukucha, halafu wa upande wa pili aite. Dakika 5 zinatosha kuanzia, mara mbili kwa siku, mkiona amegeuka amekaa au anajilamba mmemaliza. Wakizoea ongezeni umbali. Sungura anajifunza jina lake haraka kuliko watu wanavyodhani, na mkimwona siku moja ameruka juu akajipinda hewani kama ameshikwa na umeme msiogope, hiyo ni furaha.

Saa za kufanya hivi ni muhimu kuliko vile watu wanafikiri. Sungura kwa asili anachangamka alfajiri na jua likizama, mchana analala, kwa hiyo kumtoa saa 8 mchana na kulalamika hatembei ni kumwonea. Na huko Arua, Januari na Februari hasa, mchana ni hatari tupu. Sungura hatoi jasho kwa ngozi, joto analitolea kwa masikio, mafuta mwilini yanalizuia lisitoke, na kuanzia nyuzi 28 au 30 anaweza kuzidiwa. Kwa hiyo ni saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, halafu kuanzia saa 11 jioni. Mchana kivuli, maji mengi, na chupa ya maji iliyoganda umeifunga kitambaa alale karibu nayo kama mna friji. Ukimwona anapumua mdomo wazi, simamisha kila kitu, sungura kwa kawaida anapumua kwa pua tu, mdomo ukifunguka amefika mbali. Mlowanishe masikio kwa maji baridi ya kawaida (siyo barafu, siyo kumtumbukiza kwa beseni) na umkimbize kwa daktari.

Sasa niseme ukweli ambao hutaupenda. Hata akitembea siku nzima, kwa mkate na posho hapungui. Mazoezi yanarudisha misuli, yanalinda mifupa, yanafanya tumbo lisukume vizuri, lakini kilo zinashuka kwa chakula. Mkate, posho, chapati, mahindi, pumba za mahindi, vyote viishe nyumbani kwa Bosi, wanga ule unachachuka tumboni mwake unaleta gesi na kuharisha mbali na mafuta. Bogoya ibaki kile kipande cha ukucha cha kumwitia. Karoti yenyewe ni sukari, mpe majani yake. Na magunzi ya mahindi msimpe atafune, yanaweza kuziba utumbo.

Peleti usizikate siku moja. Huu ndio mtego mkubwa, mtu anasoma unene ni mbaya anamfungisha mnyama, na sungura mnene akikaa bila kula mafuta yanahamia kwa ini, ini linashindwa, anakufa akiwa bado mnene. Punguza kama robo kila wiki, mpaka baada ya mwezi amebaki na vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa siku. Hizi peleti za maduka ya mifugo ni za kunenepesha watoto wa sungura wafike sokoni wakiwa na wiki 10 au 12, mtu mzima wa miaka 3 hazimhusu sana. Kinachojaza tumbo ni nyasi, asilimia 80 na zaidi ya anachokula iwe nyasi, kavu na mbichi, hizo ziwepo saa zote bila kipimo. Nyasi zinamnenepesha kidogo sana, zinamsaga meno ambayo hayaachi kukua, zinamshughulisha masaa.

Nyasi kavu kwa Arua si lazima ununue. Mvua zikielekea kuisha, Novemba hivi, kata nyasi laini kabla hazijatoa mbegu, tandaza ukizigeuza siku mbili tatu mpaka zikatike ukizipinda, zihifadhi juu ya mbao mahali pakavu. Zikinukia vizuri ni chakula, zikiwa na ukungu au vumbi jeusi tupa. Za kijani mpe majani ya matete, kishonanguo, majani ya viazi vitamu kiasi, kila jipya kwa kidogo. Usikate kando ya barabara wala mahali palipopulizwa dawa, na nyasi zilizokaa kwa kaveera (mfuko wa plastiki) mpaka zikapata joto zisimfikie. Majani ya muhogo mabichi, ya avokado, ya nyanya na ya viazi vya chipsi ni sumu kwake, na ule mmea wa uzio wenye maua ya rangi rangi, lantana, pia.

Sasa ile habari ya tumbo kusimama niliyosema nitairudia. Kipindi hiki cha kubadilisha chakula hesabu kinyesi kila asubuhi kwa macho tu, kiwe kingi, kikubwa, cha mviringo. Kikiwa kidogo kidogo kama punje za pilipili manga, au amepitisha masaa 12 hajala wala hajatoa kitu, hiyo ni dharura ya daktari, siyo ya kumpa soda wala mafuta ya kupikia.

Uzito pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kwenye beseni juu ya mizani ileile, andika ukutani kwa chaki kama mnataka watoto wafuatilie. Unatafuta ashuke karibu asilimia 1 kwa wiki, kwake ni kama gramu 65, asilimia 2 ndiyo mwisho. Kwa hesabu hiyo kufika chini ya kilo 5 ni miezi sita hivi. Akishuka haraka zaidi rudisha nyasi mbichi nyingi na umwone daktari. Wiki mbili tatu asiposhuka kabisa, chunguza watoto, kuna mtu bado anampa mkate.

Mwenzake? Sungura wawili wanakimbizana na kuchezeana wenyewe, ni mazoezi mazuri kupita yote hayo, lakini dume kwa dume watararuana na dume kwa jike mtakuwa na thelathini kabla ya Krismasi. Lazima ahasiwe kwanza, na hata akishahasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki nne mpaka sita za mwanzo. Madaktari wanaohasi sungura huko kwenu ni wachache, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya, la sivyo kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere pale Kampala, ambayo ni safari ya karibu kilomita 500. Nusukaputi ni hatari zaidi kwa sungura mnene, kwa hiyo hilo liache mpaka apungue. Mtu akikwambia umlaze na njaa kabla ya upasuaji kama mbwa, tafuta daktari mwingine, sungura hafungishwi.

Na ile kamba uliyouliza, hapana. Ya shingoni usiijaribu hata siku moja, akishtuka akaruka ataumia shingo. Ile ya mwili mzima ipo na wengine wanaitumia kwa sungura mtulivu aliyeizoea tangu mdogo, lakini hata hapo binadamu ndiye anamfuata sungura, hamvuti. Kwa Bosi, kwa uzito alionao na mbwa walivyo wengi njiani, hela ya kamba nunua wavu wa kuku.